Wembe wa Kinyozi: Uhakiki wa Kijitabu cha Luther juu ya Sala

Katika mwaka 1535 kilichapishwa mjini Wittenberg kijitabu chembamba ambacho Martin Luther alikiandika kwa ajili ya kinyozi wake. Jina la kinyozi huyo lilikuwa Peter Beskendorf. Kama vinyozi wengi wa nyakati zile, hakunyoa nywele na ndevu tu, bali pia aliganga majeraha. Naye alikuwa rafiki wa Luther kwa miaka mingi. Kijitabu chamweleza mtu huyo wa kazi za mikono, asiyekuwa mtawa wala msomi, namna nyepesi ya kuomba. Hakina uzito wa hoja ulio katika maandiko makubwa ya mwaka 1520, wala hakipewi nafasi kubwa tunapofundisha historia ya Matengenezo. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba juu ya jambo moja, yaani mawazo ya mwombaji yanayotangatanga mbele za Mungu, Luther hasomeki popote akiwa mwaminifu na mwenye kufaa zaidi ya hapa.

Twakichukua kijitabu hiki kwa sababu jambo lenyewe lahubiriwa sana kati yetu, na mara nyingi lahubiriwa vibaya. Mhubiri husimama akawaambia Wakristo kwamba wamemsahau Mungu kwa ajili ya shughuli zao: biashara, siasa, mpira, televisheni, na siku hizi simu ya mkononi. Orodha hiyo hurefuka kila mwaka. Kisha hutolewa dawa, nayo ni moja tu: kazaneni. Amkeni mapema zaidi, fungeni siku nyingi zaidi, ombeni kwa muda mrefu zaidi. Na ili kuitia dawa hiyo nguvu hutajwa Luther mwenyewe, ambaye yasemekana alisema kwamba siku anapokuwa na kazi nyingi mno hana budi kuomba saa tatu. Maneno hayo hatuyakuti katika maandishi yake. Kilichopo ni barua ya Veit Dietrich, aliyekaa naye katika ngome ya Coburg mwaka 1530, akamwandikia Melanchthon kwamba haipiti siku ambayo Luther hatoi walau saa tatu kwa sala, tena saa zile zifaazo zaidi kwa masomo. Huo ni ushuhuda wa kijana aliyestaajabu. Wakati ule Mkutano wa Augsburg ulikuwa ukiendelea, nao wenzake Luther walikuwa huko wakiikiri imani mbele ya Kaisari, ilhali yeye, akiwa chini ya hukumu ya dola, hakuweza kwenda. Kuzichukua saa hizo za hatari na kuzifanya kipimo cha mama anayeamka alfajiri kuchota maji, kuwasha moto na kuwaandaa watoto kwenda shule, ni kumtumia Luther dhidi ya Luther.

Madhara yake si madogo. Wako Wakristo walioacha kuomba, si kwa kumchukia Mungu, bali kwa sababu wamefundishwa kwamba sala iliyoingiliwa na mawazo mengine si sala. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena, na mwishowe wakawaachia kazi hiyo wale wanaosemekana kuwa na karama. Hapo hatuzungumzi tena juu ya utaratibu wa ibada. Iwapo umakini wangu ndio unaoifanya sala yangu ipokelewe, basi umakini huo umekaa mahali ambapo zamani zilikaa hija na vyeti vya msamaha. Sisi tunaojiita wana wa Matengenezo tutakuwa tumeufunga mlango wa mbele na kumwingiza mgeni yule yule kwa mlango wa nyuma.

Luther aliijua njia hiyo kwa kuipitia. Mwezi Oktoba 1516 alimwandikia rafiki yake Johann Lang barua ambayo kila mchungaji mwenye mitaa mingi na pikipiki moja yapasa aisome. Asema karibu anahitaji makarani wawili. Ni mhubiri wa nyumba ya watawa, ni msomaji wakati wa chakula, kila siku huitwa kuhubiri katika kanisa la mji, husimamia masomo, ni mwangalizi wa nyumba kumi na moja za shirika lake, hutunza bwawa la samaki la Leitzkau, ni mtetezi wa watu katika shauri lililoko Torgau, hufundisha juu ya Paulo, tena hukusanya mambo juu ya Zaburi. Ni nadra, asema, apate nafasi kamili ya kusali sala za saa zilizoamriwa. Baadaye alisimulia alivyokuwa akijifungia ndani ili kuzilipa sala zilizompita, kama mtu alipaye deni, hata akadhoofika mwili na kukosa usingizi. Ikumbukwe kwamba deni hilo lilihesabiwa kwa maneno yaliyotamkwa. Mawazo yalikuwa wapi wakati wa kuyatamka, hakuna daftari lililoweza kuonyesha.

Mtu huyo ndiye anayemwandikia kinyozi miaka kumi na tisa baadaye, naye haanzi kwa kumkemea. Anaanza na nafsi yake. Anaeleza afanyavyo anapojiona amepoa na kukosa furaha ya kuomba kwa sababu ya kazi na mawazo mengine: huchukua kitabu chake kidogo cha Zaburi, huenda chumbani kwake upesi, au, ikiwa ni siku na saa yake, huenda kanisani walipo watu; kisha huanza kuyasema kwa kinywa, polepole, kama watoto wafanyavyo, zile Amri Kumi, Imani, na nafasi ikiwapo, maneno fulani ya Kristo au ya Paulo au ya Zaburi. Yafaa tusimame hapa, maana wengi hupita haraka ili wafike kwenye mfano wa kinyozi. Mpangilio wa mambo ndio fundisho lenyewe. Luther haungojei moyo upate moto ndipo aombe, wala haupepei moto huo kwa nguvu zake. Moyo umepoa, naye akiri hivyo. Miguu ndiyo inayotangulia kwenda, kisha kinywa, na moyo huja nyuma ukivutwa na Neno ambalo si lake. Hata kule kwenda kanisani kuna maana: maneno ya kundi humbeba yule ambaye ya kwake yamemwishia.

Hilo Luther hakulibuni. Zaidi ya miaka mia moja na elfu kabla yake, Yohane Kasiano aliandika mazungumzo yake na wazee wa jangwa la Misri, na humo Aba Isaka, akiulizwa na watawa wawili wanaolalamika kwamba mawazo yao hurukaruka, awapa mstari mmoja wa Zaburi, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70, waushike mchana na usiku. Kwa watawa wa Misri na kwa kinyozi wa Wittenberg jibu ni la jamii moja: mawazo hayatulizwi kwa kuamriwa yatulie, hutulizwa kwa kupewa kitu cha kushika. Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Aba Isaka asema na watu waliouacha mji. Luther asema na mtu ambaye asubuhi ile ile wateja wanamngoja mlangoni.

Sasa tuje kwenye wembe. Luther asema kwamba kinyozi mwema hana budi kuweka mawazo, nia na macho yake kwenye wembe na nywele, asisahau amefika wapi. Akipenda kupiga soga au kutazama kando, atamkata mteja mdomo au pua, au hata koo. Kila kazi, ili ifanyike vema, yamtaka mtu mzima mzima. Si zaidi sana sala?

Mfano huu hutajwa kila mara kama onyo, nao ni onyo kweli. Lakini tukiuangalia kama kinyozi mwenyewe angeuangalia, twaona jambo jingine. Kinyozi anyoapo haangalii umakini wake. Hajiulizi kila dakika kama bado yu makini. Angefanya hivyo, hapo ndipo angekata. Macho yake yako kwenye shavu la mtu aliye mbele yake. Umakini wa kweli hujisahau, kwa kuwa una kitu cha kutazama. Waombaji wetu wengi wanaoteswa na mawazo hufanya kinyume: huondoa macho kwa Mungu na kwa Neno lake, wakajichungulia wao wenyewe kuona kama wanamtazama Mungu barabara. Kujichungulia huko ni mtangatango kuliko yote, tena hujivika vazi la uchaji, na kwa sababu hiyo hakusemwi kwenye mimbari.

Kuna kisa cha kale, kilichomo katika mkusanyo wa masimulizi ya watakatifu uliosomwa sana Ulaya kabla ya Luther, juu ya Bernard wa Clairvaux na mkulima mmoja. Mkulima alijisifu kwamba yeye haoni taabu kuomba bila mawazo mengine. Bernard akaahidi kumpa mnyama aliyempanda iwapo ataweza kusali Baba Yetu hadi mwisho bila kuwaza jambo lolote. Mkulima akaanza, na kabla hajafika katikati akawa anawaza kama tandiko nalo litakuwa lake. Twacheka, lakini kisa hiki kina mtego. Kilichompotosha mkulima ni ile zawadi iliyowekwa juu ya sala yenyewe. Mtu akiahidiwa malipo kwa kuomba vema, moyo wake utakuwa kwenye malipo. Wanaofundisha kwamba sala makini huleta gari, cheo au visa ya kwenda ng'ambo wangefaa kukisoma kisa hiki mara mbili.

Tukiwa bado kwenye mifano, tuwaweke mbwa wawili pamoja. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, akiri kwamba haendi tena uwanjani kutazama mbwa akimfukuza sungura; lakini akipita shambani na kuliona jambo hilo kwa bahati, mawazo yake humtoka hata akiwa katika tafakari kubwa. Nyumbani nako, asema, mjusi akinasa nzi au buibui akimzungushia utando mdudu wake, humvuta vivyo hivyo. Askofu wa Hippo hakuona aibu kuwaambia wasomaji wake kwamba mjusi ukutani alimshinda. Na Luther, katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wageni wake, alimwona mbwa wake aliyekuwa akingoja kipande cha nyama, macho yameganda, kinywa wazi, akasema laiti angeweza kuomba kama yule mbwa anavyoitazama nyama. Kwa Augustino mbwa humwondoa mtu kwa Mungu. Kwa Luther mbwa ni mwalimu wa sala. Hatusemi kwamba mmoja amekosea. Augustino ajua jinsi moyo ulivyo mwepesi kuibwa. Luther ajua kwamba mbwa hakazani kutazama, anatazama kwa sababu ana njaa na kwa sababu mkono wenye nyama u karibu. Neno la ahadi ndilo lililo mkono huo. Anayehubiri umakini bila kuhubiri kwanza ahadi awaamuru mbwa wakodoe macho penye sahani tupu.

Hapa hatuna budi kugusa habari ya Martha na Mariamu (Lk. 10:38-42), kwa kuwa ndiyo ihubiriwayo zaidi juu ya jambo hili. Katika mstari wa 40 Union Version yatumia kitenzi kuhangaika. Kigiriki chasema periespato, yaani alikuwa akivutwa pande zote, kama nguo inayoshikwa na watu wanne. Shina hilo hilo latumiwa na Paulo katika 1 Kor. 7:35, anaposema juu ya kumtumikia Bwana aperispastos, bila kuvutwa huku na huko. Msomaji wa Kiswahili haoni kwa urahisi kwamba mistari hiyo miwili ni ndugu, nasi tunaofundisha ufafanuzi wa Agano Jipya twafaa kumwonyesha. Tena kazi aliyokuwa nayo Martha yaitwa diakonia, neno lile lile ambalo katika Mdo. 6 latumika kwa huduma ya meza na pia kwa huduma ya Neno. Na kitenzi merimnao, ambacho kwacho Bwana amwambia Martha kwamba asumbuka, Paulo akitumia kwa sifa anapomsema Timotheo atakavyowaangalia Wafilipi kwa moyo wa kweli (Flp. 2:20), na katika 2 Kor. 11:28 nomino yake ni ule mzigo wa makanisa yote unaomwelemea mtume kila siku.

Kwa hiyo sufuria si adui. Wala mgonjwa anayebisha hodi mchungaji akiwa katika sala yake ya asubuhi si kishawishi cha shetani. Bwana hamwambii Martha aache kupika. Amwonyesha kwamba amegawanyika, hata katikati ya kumhudumia Bwana amekuja kumwamuru Bwana. Zaburi 86:11, kwa Kiebrania, ina ombi ambalo lingemfaa Martha: mwombaji amwomba Mungu auunganishe moyo wake. Kitenzi chenyewe ni cha kufanya kitu kuwa kimoja, na mtendaji ni Mungu. Hasemi kwamba yeye atauunganisha.

Sehemu ya kijitabu iliyo tajiri kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ya Amri Kumi. Luther hufanya kila amri kuwa shada la nyuzi nne. Kwanza ni fundisho: Mungu anidai nini hapa? Pili ni shukrani: amenipa nini katika amri hii? Tatu ni ungamo. Nne ni ombi. Amri ile ile ni kitabu cha shule, kitabu cha nyimbo, kitabu cha toba na kitabu cha sala. Tuchukue amri ya nane, usishuhudie uongo, akilini mwa mwenyekiti wa usharika aliyetoka jana kwenye kikao cha baraza kilichoharibika. Anapiga magoti, mara sura ya mzee aliyempinga yamjia, na maneno ambayo angelimjibu yamjaa kinywani. Kwa njia ya kawaida atajilaumu na kuanza upya, na sura ile itarudi. Katika shada la Luther sura hiyo ina mahali pa kukaa. Anafundishwa kwamba jina jema la jirani ni mali ambayo Mungu ameizungushia ua. Anashukuru kwa kuwa jina lake mwenyewe limekuwa likilindwa. Anaungama alilolisema nje ya mlango baada ya kikao. Anamwombea mzee yule. Luther hajalisema hili waziwazi, ni hitimisho letu, lakini nyuzi zake zalielekea: wazo lililokuja kuiba sala laweza kukamatwa na kutiwa ndani ya sala.

Lipo pia neno la uhuru. Luther hataki Peter ayarudie maneno yote aliyomwandikia. Hilo, asema, lingekuwa kupayuka tu. Na mawazo mema yakija kwa wingi juu ya ombi moja la Baba Yetu, ayaache maombi yaliyosalia, anyamaze, asikilize, maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe ahubiri, na neno moja la mahubiri yake lapita maelfu ya maombi yetu. Mtu aliyewahi kulipa sala kama deni sasa asema sala yaweza kuachwa katikati. Twafahamu hatari yake, kwa kuwa wako watakaosema ni Roho kumbe ni usingizi. Lakini Luther hamwachi Roho aelee hewani: ahubiri ndani ya maneno ya Baba Yetu na ya Amri, si nje yake.

Kijitabu kina upungufu, nao tusiufunike kwa heshima ya mwandishi. Katika ombi la kwanza kabisa, la jina la Mungu kutakaswa, mara waingia Mturuki na Papa na waalimu wote wa uongo, na sauti ya mwombaji yabadilika ikawa sauti ya mtu aliye katika mabishano. Twajua mazingira: majeshi ya Waosmani yalikuwa yamefika hadi kuta za Vienna mwaka 1529. Hata hivyo kwa kanuni yake mwenyewe, kinyozi ametazama kando. Mkristo wa Tanga au wa Ujiji, ambaye jirani yake ni Mwislamu na shemeji yake ni Mkatoliki, asipewe sala hiyo kama ilivyo. Atakayekitafsiri kijitabu hiki kwa ajili ya sharika zetu ayaeleze maneno hayo katika maelezo ya pembeni, wala asiyaweke katika vinywa vya watu.

Tena Luther humfikiria mwombaji mwenye chumba. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo chumba ni cha watu watano, na mlango ni pazia. Hata hivyo hapa kijitabu chajirekebisha chenyewe kwa namna moja: maandiko yake ya msingi ni yale ambayo mtoto wa kipaimara ameyahifadhi kichwani. Bibi asiyejua kusoma aweza kuisuka amri ya nne kwa nyuzi nne huku akipalilia mahindi, wala hahitaji kitabu wala chumba. Luther amtajia Peter usemi unaonasibishwa na Jerome, kwamba kila afanyalo mwamini ni sala, na mithali kwamba atendaye kazi kwa uaminifu aomba mara mbili. Mara hiyo hiyo atahadharisha, tusije tukaiacha sala ya kweli na kuhesabu kila tulipendalo kuwa kazi ya lazima. Na lile wazo lisemalo, ngoja kidogo, saa moja baadaye nitaomba, kwanza nimalize hili, alitaja kuwa la uongo na la kudanganya. Kwa udanganyifu huo chumba si kinga.

Watu watauliza juu ya mikesha na sala za sauti kuu, ambazo katika miaka hii zimeenea sharikani, na ambazo vijana wengi wazitaja kuwa ndizo zinazowasaidia wasitawanyike. Hatupendi kuzibeza. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Bukoba uliwafundisha Walutheri wengi kuomba kwa vinywa vyao wenyewe, na Kanisa lililokuwa limezoea kusomewa sala lilipata faida. Sauti yaweza kufanya kazi ile ile ya kinywa anayoisema Luther. Swali ni moja tu: sauti hiyo imebeba neno gani? Ikiwa yabeba ahadi za Mungu, na iinuliwe. Ikiwa imeinuliwa ili kuyafukuza mawazo kwa kishindo, basi mwombaji atarudi nyumbani na mawazo yake yatakuwa yamemtangulia kufika.

Lililobaki ndilo gumu zaidi. Majira ya Pasaka ya mwaka ule ule 1535, wakiwa mezani, Peter Beskendorf alimchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, akafa. Mkono uliozoea kushika wembe kwa uangalifu ulishika kisu kwa hasira. Wahariri wengine hulitaja jambo hili kwa haraka kama habari ya kusikitisha, wengine huliacha. Sisi twaona haliwezi kutengwa na usomaji wa kijitabu. Kama hiki kingekuwa kitabu cha mbinu, basi Peter ni ushahidi kwamba mbinu haikufanya kazi, na tungekirudisha rafuni. Lakini mahali popote Luther hakumwahidi rafiki yake kwamba akiomba hivi atakuwa mtu asiyeweza kuua. Alimfundisha kuungama kila amri, pamoja na ya tano, na kuomba Baba Yetu, ambamo kila siku mtu aomba asamehewe na asitiwe majaribuni. Hayo ni maneno ya mtu aliye hatarini.

Luther naye hakumkana. Alikuwa miongoni mwa waliomtetea mbele ya wakuu, na Peter aliachiwa uhai wake, akafukuzwa mjini akiwa amepoteza mali yake. Twaweza kufikiri ni asubuhi ngapi zilipotea katika barua na mashauri ya kesi hiyo, za mtu aliyekuwa akifundisha kwamba sala iwe kazi ya kwanza ya asubuhi. Kijitabu hadi leo huchapishwa kikiwa na jina la Peter kinyozi mwanzoni mwake, na anayekifungua hana budi kulipita jina hilo kabla ya kufika kwenye Amri Kumi.